Nyama Iliyokataliwa Mlangoni Kwetu Mungaa

Ipo siku moja ninayoikumbuka kuliko hata siku ya harusi yangu, mwanangu. Ni siku niliyomzuia mjomba wa mume wangu mlangoni, na nyama yake mkononi.

Nilikuwa bado kijana, nimeolewa hapa Mungaa, na mtoto wangu wa kwanza, Danieli, alikuwa anabatizwa. Nilifuga nguruwe jike mwenye mimba na wadogo wachache waliokuwa wakinenepa. Hao ndio tuliowategemea, maana mwaka ule mvua iligoma na mtama ulikauka ukiwa bado mchanga.

Miezi michache kabla ya hapo alikuja mtafiti wa magonjwa ya nguruwe, binti mwenye mabuti ya mpira, jina lake Neema. Tulimwita daktari. Alipita nyumba kwa nyumba akichukua damu ya nguruwe na kuuliza maswali ambayo wengi waliyacheka. Mabaki ya chakula mnatupa wapi? Dume mnaazima kwa nani? Mimi ndiye niliyemshikia nguruwe wetu, basi akanieleza polepole. Kuna homa ya nguruwe, akasema. Mtu haimdhuru, lakini ikimpata nguruwe ni nadra kupona, na haina chanjo wala dawa. Husafiri kwa viatu, kwa dume la kuazima, hata kwa nyama mbichi na maji yaliyooshewa nyama hiyo.

Basi homa ikaja kweli. Tukasikia upande wa barabara kuu mabanda yanabaki matupu. Watu wenye tamaa wakawa wanachinja hata wagonjwa na kuuza nyama kwa bei ya kutupa.

Siku ya ubatizo, wageni wameshaketi, mjomba Yohana, kaka mkubwa wa mama mkwe wangu, akafika na paja zima la nguruwe ndani ya kiroba. Damu ilikuwa ikidondoka.

"Mama Danieli, pokea! Leo mjukuu wangu atakula vizuri. Kule barabarani nyama wanaigombania."

Nikapiga goti, nikamwamkia. Ningemwambiaje mtu mzima kama yule, mbele ya wageni, kwamba zawadi yake haiingii? Nikamwomba anisubiri hapo hapo mlangoni, nikakimbilia jikoni kumnong'oneza mama mkwe. Nilitaka yeye ndiye aseme.

Akaacha kusonga ugali. Alinitazama mpaka nikaona aibu.

"Daktari alimweleza nani, mimi au wewe?"

"Mimi, Mama."

"Sasa unamwogopa kaka yangu kuliko unavyowaogopea nguruwe wako? Umeshamwamkia, heshima umempa. Nenda kamwambie ukweli. Nipo nyuma yako."

Nikarudi. Nikasimama mbele ya mjomba. "Mjomba, nisamehe. Nyama hii inaweza kuwa na homa. Ikiingia humu, nguruwe wote wa kijiji watakwisha. Naomba isivuke hapa."

Mjomba akageuka kwa dada yake. "Unamsikia huyu? Ananifungia mlango wa nyumba yako!"

"Namsikia," mama mkwe akajibu. "Na mimi nasema hivyo hivyo."

Tukachimba shimo refu nje ya ua, tukaichoma ile nyama na kuifukia. Mjomba tukampelekea kuku wa kupikwa pale nje, chini ya ukuta, maana viatu vyake vilikuwa vimedondokewa damu. Hakumgusa. Aliondoka bila kuaga, nami nikalia, nikijua nimevunja undugu kwa ajili ya mifugo.

Wiki zile tulikaa roho juu. Majirani walioona tukio lile waliacha kucheka; nao wakafungia nguruwe wao, wakakataa madume ya kuazima. Nguruwe wa mjomba, huko kwake upande wa barabara kuu, walikufa wote. Daktari Neema akarudi, akasafisha mabuti yake kwa dawa kabla ya kuingia, akachukua damu tena na kuipeleka maabara. Tukangoja.

Alipokuja na majibu alianza kupiga kelele akiwa bado mbali. "Safi! Kitongoji chote ni safi!"

Mwanangu, vigelegele vya siku ile! Mama mkwe, aliyekuwa akiumwa magoti, alicheza. Nguruwe wangu akazaa salama, na watu wa vijiji vya pembeni, mabanda yao yalipokwisha kusafishwa na kupumzishwa, wakaja kwetu kutafuta nguruwe wa mbegu. Mjomba naye alikuja. Alivua viatu mwenyewe mlangoni, akanishika mkono: "Mkwe wangu, siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nipe wawili, nianze upya." Nilimchagulia walio bora kuliko wote.

Ndiyo maana nawaambia ninyi mnaofuga leo, wenye simu za kumpata afisa mifugo mara moja: nguruwe akiumwa, toeni taarifa, msimchinje haraka mkamuuzia jirani hasara. Mtafiti akija, mshikieni nguruwe na mumuulize mpaka muelewe. Na mkishaelewa, semeni, hata kama anayepaswa kusikia ana mvi. Mwamkieni kwanza, kisha mwambieni ukweli.

Mungu awape mabanda yenye kelele za watoto wa nguruwe, mikono isiyochoka, na wakwe wa kusimama nyuma yenu sauti zikitetemeka. Mkue, mzeeke, na ninyi mje kusimulia ushindi wenu.