Kakakuona Aliyetaka Kwao

Nilipokuwa mtoto, Temeke ilikuwa na vichaka vingi kuliko nyumba, nami nilikuwa na bibi tu. Mama alishafariki. Baba alichukuliwa kwenda vitani Burma, na salamu zake zilikuwa zimekatika. Watoto wenzangu walikaa mbali, kwa hiyo nilicheza peke yangu, nikijiuliza na kujijibu mwenyewe. Upweke ule, jamani, msiuombe.

Asubuhi moja wanaume walikuwa wakichimba kichuguu, maana udongo wake ndio tuliokandikia nyumba, wakamkuta kakakuona. Walimtia kapuni wakampeleka uwanjani kwa jumbe, mkubwa wa mtaa wetu. Watu wakaacha majembe, wakaja mbio. Kwetu kakakuona huonekana kwa nadra, na akionekana lazima aulizwe mwaka utakuwaje. Jumbe akatandika shuka jeupe, akaweka bakuli la maji, punje za mtama na panga. Akiyaendea maji, mvua ipo. Akiuendea mtama, shibe. Akiliendea panga, basi ole wetu.

Nikachomoka na kofia ya baba mkononi.

"Shikamoo, jumbe. Naomba na hii iwekwe."

"Marahaba. Ya nini, mwanangu?"

"Akiigusa, baba anarudi."

Watu wakaangua kicheko. Bibi hakucheka. "Mwekeeni mke mwenzangu kofia yake," alisema. "Hata mie nataka kujua." Baba alikuwa mwanawe wa pekee.

Kofia ikawekwa. Kakakuona akajikunjua taratibu, magamba yakisuguana, akanyoosha pua. Akayapita maji. Akaupita mtama, akalipita panga. Akafika kwenye kofia, akanusa. Nilimshika bibi mkono mpaka akaguna. Kumbe wapi! Akaipita nayo, akashika njia ya kichakani. Wakamrudisha. Akaelekea kule kule. Wakamrudisha tena, naye akageukia kule kule.

"Hajachagua," jumbe alisema.

Mmoja akasema hiyo ni njaa, mwingine akasema ni maradhi, wakabishana mpaka jua likawa la utosi. Mie nililia kwa kwikwi. Bibi akanifuta machozi kwa ncha ya kanga, akaninong'oneza, "Nyamaza, mama. Mwenzio anataka kwao."

Mwishowe wakampaka mafuta, wakamrudisha alikotoka, kama desturi ilivyotaka. Lakini kichuguu waliendelea kukichimba mpaka kikawa sawa na ardhi, na msimu uliofuata kichaka chenyewe kikachomwa, vikapimwa viwanja. Mnyama anayekula mchwa na sisimizi tu angekula nini pale? Sikumwona tena, wala mwingine wa aina yake.

Baba hakurudi. Wapo waliosema kakakuona alishatuambia. Sasa nimezeeka, na wajukuu zangu hawasadiki kwamba mnyama yule aliishi hapa tulipojenga. Nikiwaeleza magamba yake wanasema, "Aa, bibi, huyo si samaki?" Wao wanacheka, mie roho inaniuma.

Siku hizi naamini hakuwa na habari yoyote ya mvua, wala ya vita, wala ya baba yangu. Alikuwa na lake moja tu. Alilisema waziwazi, tena na tena, mbele ya watu wazima wote wale, nasi kila aliposema tukamnyanyua na kumrudisha kwenye maswali yetu.