Askari wa Kukanyagwa Mara Nne

Wakati wa vita, mimi na dada yangu mdogo tulikuwa na kompyuta moja pale Butembo. Mchana dada alichapa barua za watu. Kazi ikikosekana, alifungua mchezo wa zamani, ule wa mtu mdogo anayekimbia na kuruka matofali, akaubadilisha picha moja moja. Matofali yakawa magunia ya makaa. Mashimo yakawa ya barabara ya Beni. Hayo hayakumpa kazi. Na wale wadudu wa kukanyagwa kichwani, akawavika bereti, akawasimamisha kwenye barrière, kile kizuizi cha askari barabarani.

Vijana walijaa, wakilipa kucheza. Niliwahesabu mlangoni, nikawahesabu tena kwenye benchi, maana dirisha nalo lilikuwa linaingiza watu.

Siku moja akaingia mkubwa wa barrière mwenyewe. Benchi likabaki tupu. Akatazama kwenye kompyuta askari wa mwisho akikanyagwa.

"Huyu ni nani?"

"Mududu, chef," nikasema.

"Mududu wa bereti?"

Dada akaishika kompyuta kama mtoto anayetaka kuibwa. Tulijua kitu kikichukuliwa "kwa uchunguzi" hakirudi. Redio ya jirani ilikuwa bado inachunguzwa. Tuliisikia ikiimba kambini.

"Lakini anakufa na mara moja tu?" chef akauliza. "Sisi tuko vile? Weka mara kumi!"

Hapo nikapumua. Kumbe tuko sokoni.

"Chef, mara kumi hakuna mutu atacheza. Mbili."

"Munane."

"Tatu, na bunduki namuongezea."

"Ine, na bunduki."

Tukapatana kwa mara nne.

Kesho yake akarudi kucheza. Dada alikuwa amefanya kazi safi: hapiti mtu. Chef akafa. Akafa tena. Akamtukana askari wake kwa Lingala, akamgeukia dada.

"Ma sœur, weye unapitaka wapi?"

Dada, kwa furaha ya fundi aliyeulizwa kazi yake, akamwonyesha: kabla ya barrière shuka kwenye mikaratusi, fuata kijito, panda nyuma ya kinu cha mihogo. Chef akashuka, akafuata, akatokea ng'ambo, akapiga makofi. Nami nikapiga, mpaka nikakumbuka kwamba njia ile dada hakuibuni. Ni ile ile wamama wa sokoni waliyopita kila asubuhi kuikwepa barrière.

Kompyuta ilibaki kwetu. Jumatatu, nyuma ya kinu, kulikuwa na kamba mpya iliyokatiza njia na askari mwenye bereti. Mama mmoja, fungu la sombe, majani ya mihogo, kichwani, alimpima yule askari kwa macho, akanigeukia.

"Weye mutu wa michezo, huyu naye ni mara ine?"