Vitufe Vitatu Vilivyomkosesha Mjane Maji

Siku nilipovijua vitufe vile vya kompyuta nilikasirika hadi nikakosa hamu ya chai. Miaka mitatu nilikuwa nimekaa steshenari pale Karatu mjini, nikichapa barua za maombi, risala za mahafali na mihutasari ya vikao, na kila kichwa cha habari nilikipamba kwa mkono kama mtu anayechambua mawe kwenye mchele. Nachagua maneno, nachagua fonti, nachagua ukubwa, nakoleza wino, napiga mstari chini. Kichwa kinachofuata, naanza upya. Mwalimu mmoja aliyekuja kuchapisha mitihani akanitazama weee, mwisho akashindwa kuvumilia.

"Dada, unajitesa bure. Chagua maneno uliyokwisha kuyapamba, bonyeza Ctrl, Shift na C. Halafu chagua mengine, bonyeza Ctrl, Shift na V. Pambo lote linahama, maneno yanabaki yaleyale."

Nikajaribu. Likahama kweli. Mwalimu akacheka, mimi nikanuna. Miaka mitatu! Bosi wangu, ambaye kumbe alivijua siku zote, alisema alidhani na mimi navijua. Alidhani! Ameniona kwa macho yake nikihangaika na mausi mchana kutwa, na bado anadhani.

Basi nikaanza kufidia. Nilikimbiza kazi kwa hasira, na baada ya hasira ikaingia sifa, nakiri. Wateja walikuwa wakiinama juu ya kaunta kuangalia vidole vyangu, nami nikawa napenda kuangaliwa. Zamani nilikuwa nasoma ukurasa mzima kabla ya kuuprinti. Hiyo tabia nikaiacha, niliona ni ya watu wanaojifunza.

Ndipo akaja katibu wa mfereji mmoja wa Mang'ola, na flashi yenye orodha ya zamu za maji. Kule bila mfereji hakuna kitunguu. Jina lako likiwa kwenye orodha, siku yako ikifika unafungua maji yaingie kwenye majaruba yako. Lisipokuwepo, unakaa ukingoni kuangalia ya wenzako yakipita. Na kikundi chao kina desturi yake. Mwenzao akifariki hawamfuti. Jina lake linapigwa mstari katikati na kuachwa hapohapo mwaka mzima kwa heshima, na chini yake anaandikwa mrithi wa zamu. Mwenye mstari juu ya jina hana tena maji, kila mtu kule anajua.

Safari hii marehemu alikuwa mmoja, mstari wake umeshapigwa, na katibu alitaka niongeze jina la mkewe chini yake. Alikuwa na haraka. Lori la kumrudisha lilikuwa limeshawasha injini ng'ambo ya barabara, na dereva anapiga honi. Nikaandika jina la mjane. Likatoka na fonti nyingine, jembamba, halifanani na wenzake. Nikachagua jina la mume hapo juu, Ctrl, Shift, C. Nikashuka kwa mke, Ctrl, Shift, V. Nikaprinti huku nikimwangalia katibu usoni nione kama kasi yangu imemshangaza. Ilimshangaza. Akapiga muhuri palepale mezani kwangu, akachukua karatasi zake, akakimbilia lori.

Pambo lote linahama, mwalimu alisema. Kwa kompyuta, mstari wa marehemu nao ni pambo.

Zilipita kama wiki tatu. Asubuhi moja akaingia mama mmoja mwenye vumbi hadi magotini, akasubiri wateja wawili waliomtangulia wahudumiwe, kisha akanitandikia karatasi juu ya kibodi.

"Ni wewe uliyechapa hii?"

Nikasema ni mimi.

"Nimekufa lini, mwanangu?"

Sikumwelewa mpaka alipoweka kidole. Majina mawili, la mume na la mke, yote yamekatwa katikati, sawasawa kabisa, fonti moja, ukubwa mmoja. Kazi safi.

Akanieleza bila kupandisha sauti. Siku ya zamu yake alifika mferejini na jembe lake, katibu, yuleyule aliyekuwa naye msibani tangu kaburini, akamfungulia orodha. Mama akamwambia, lakini si mimi huyu nimesimama hapa? Katibu akajibu, "Mama, nakuona. Ila karatasi ina muhuri." Jambo likasogezwa hadi kwenye kikao, na kikao hakikai mpaka mwisho wa mwezi. Zamu yake ikapita, na iliyofuata ikapita. Vitunguu ndiyo kwanza vilikuwa vinaanza kunenepa, na jua la Mang'ola mnalijua. Alikuwa amevipanda peke yake, msimu wa kwanza bila mume, na ndivyo alivyovitegemea mwaka mzima. Vilibaki ukubwa wa gololi.

Nikawaka. Nilimtukana katibu mbele ya wateja, na sitaandika nilichosema. Mtu aliyelichimba kaburi la mume kwa mikono yake, akala chakula cha msiba kwa mjane, leo anamwambia karatasi ina muhuri? Bosi akaniomba nipunguze sauti. Nikamwambia na yeye anyamaze. Mama akanipa namba ya katibu, nikapiga hapohapo.

"Wewe una macho?" nikamuuliza. "Mtu mzima amesimama mbele yako na jembe, hukumwona?"

"Nilimwona, dada," akasema, taratibu kabisa. "Kanuni ni zetu sote, nikimfungulia mmoja bila karatasi, kesho wanakuja ishirini. Hata hivyo nimekosa, na nitalijibu kwenye kikao. Wewe ule mstari hukuuona?"

Bado nilikuwa na hasira naye, na hata leo nikimkumbuka zinanipanda, maana alikuwa na uwezo wa kuinua ubao unaozuia maji ya mfereji kwa mkono mmoja na hakuuinua. Nikakata simu.

Nikalifungua faili, nakala yake ilikuwa imebaki kwenye kompyuta. Mama akazunguka kaunta bila kuomba ruhusa, akasimama nyuma ya kiti changu. Nikalichagua jina lake, nikauondoa mstari. La mume nikaliacha kama lilivyokuwa. Kisha nikasoma ukurasa wote, jina kwa jina, kidole kwenye kioo, wakati yeye ananitazama, ndipo nikauprinti.

"Hivyo tu?" akauliza.

"Hivyo tu, mama."

Akaipokea karatasi ingali na joto la mashine. Akaisoma polepole, midomo ikicheza, mpaka akalifikia jina lake, akalipapasa kwa dole gumba. Nilimwambia anisamehe. Sijui kama alisikia.

"Haikuchukua hata muda wa kumeza mate," akasema. "Basi siku ile nafasi ya kuangalia ulikuwa nayo."

Nikamwambia ndiyo, nilikuwa nayo.