Kadi Isiyo na Bahasha

Nilipokuwa kidato cha kwanza, kaka yangu alikuwa utingo wa lori la masafa marefu, na kila mji aliofika alininunulia postikadi. Zilipitia sanduku la barua la shule yetu ya bweni, hapa chini ya Uluguru. Jumamosi, mstarini, dada mkuu alizisoma kwa sauti. Sheria ya matroni ilikuwa moja: kisicho na bahasha si siri.

Nilizipenda hizo Jumamosi. Mimi nisiyeongea, jina langu liliitwa, na wasichana walipiga kelele: "Wifi, mume wangu kafika wapi leo?" Nilicheka nikiangalia viatu.

Kisha nikaanza kukojoa kitandani. Miaka kumi na minne! Nilikuwa nageuza godoro alfajiri, wenzangu hawajaamka. Sikuwa na wa kumwambia ila kaka. Nikamwandikia barua, nikaibandika gundi mara mbili. Sikuwaza kuwa jibu lingekuja kwenye kadi iliyo wazi.

Jumamosi moja dada mkuu akainua picha ya mawe ya Mwanza.

"Wifi, mume wangu huyo!"

Dada mkuu akasoma: "Mdogo wangu, usione aibu. Hata mimi nilikuwa..."

Nilimpokonya. Sijui miguu niliipata wapi. Mmoja mstarini akasema, "Makubwa! Kumbe si kaka."

"Lete hapa," akasema matroni. "Kama ni ya mvulana, mama yako anateremka kutoka Mgeta kesho."

Nikampa. Alisoma polepole, midomo ikicheza, na wa mstari wa mbele wakavuta shingo. Nikawaza: akisoma kwa sauti, natoroka, mpaka stendi ya Msamvu kwa miguu. Akanirudishia, maandishi yakiangalia chini.

"Ni ya kaka yake. Na wewe, kwa kunyang'anya, vyoo wiki nzima. Tawanyikeni!"

Huko chooni ndipo nilipoimalizia: "...nilikuwa hivyo mpaka darasa la saba. Bibi alinikataza maji baada ya magharibi. Itaisha." Aibu yake ameiandika wazi, kwa wino wa bluu, aisome yeyote.

Iliisha kweli. Lakini jioni ile ile nilikuwa nimeshamwandikia kwa hasira: usitume tena postikadi, tia barua kwenye bahasha. Kaka si mtu wa barua. Hakutuma tena kitu.

Likizo iliyopita nilimwomba aniletee postikadi, hata moja. Akacheka.

"Siku hizi zinauzwa wapi, mdogo wangu? Nitakutumia picha kwenye simu ya mama."

Nikasema sawa. Zilikuja kumi na mbili, zote za mpakani Tunduma, bila neno hata moja.