Mwanakondoo Atachungaje?

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi mtaa wa Ziwani, mdogo wangu alipofariki kwa surua. Jumapili baada ya mazishi, mchungaji wetu alisoma kutoka kitabu cha mwisho cha Biblia, kwamba mbinguni Mwanakondoo atawachunga watu na kuwapeleka kwenye chemchemi za maji. Nilisumbuka njia nzima. Tulipofika nyumbani nikamwuliza nyanya yangu, aliyekuwa amekuja kutoka Murang'a kukaa nasi.

"Shosho, mwanakondoo atachungaje? Si yeye ndiye huchungwa?"

Baba alinikazia macho, lakini shosho, aliyechunga kondoo tangu utotoni, alilichukulia swali langu kwa uzito.

"Ukiwasukuma kondoo mtoni kwa fimbo, wanatawanyika," alisema. "Nilikuwa na mmoja niliyemlea kwa mkono. Huyo akiingia majini kwanza, wote wanamfuata, maana ni mwenzao."

Nikafikiria kidogo. "Kwa hivyo Mwanakondoo naye alikufa, ameshapita pale mtoto wetu alipopita?"

"Ameshapita."

Mama alikuwa akimenya viazi. Tangu tutoke makaburini alikuwa hajazungumza na mtu.

"Na anaenda polepole?" akauliza. "Kwa sababu yule hata kutembea alikuwa hajazoea."

"Wangu alikuwa akisimama kungoja wadogo," shosho akamjibu.

Mama akaweka kisu chini, akalia kwa sauti. Baba akaenda kuketi karibu naye. Nilitaka sana kujua kama maji ya huko ni baridi, lakini nikangoja hadi kesho yake.