Nilimjazia mwanangu kiziwi fomu ya shule online, nikajibu nisiyoyajua

Wakuu, habari za humu jukwaani.

Hiki kisa ni changu mwenyewe, sijasimuliwa. Sijapunguza kitu, hata pale ninapoonekana mjinga.

Nina stationery Bariadi mjini. Natoa kopi, lakini riziki yangu hasa ni kuwajazia watu fomu za online. Ajira, mikopo ya chuo, leseni, chochote.

Mteja anataja jina, mengi namalizia mwenyewe. Swali likiwa refu huwa simsumbui, nabonyeza "hapana" au "hakuna" ili ukurasa uende mbele. Ni kosa la kazi yetu, wenzangu wa stationery mnalijua.

Sasa, mwanangu wa kwanza, Minza, ana miaka minane na ni kiziwi. Tangu akiwa na miaka mitatu anakaa kwa mama yangu, Migato kule Itilima. Mjini tulihofia bodaboda maana hasikii honi. Angalau ndivyo tulivyokuwa tunawaambia watu.

Mimi nilikuwa nafika mara moja moja. Naacha sukari na sabuni, nageuza.

Shule ya kijijini walimpokea vizuri tu, wakamkalisha dawati la mbele. Akamaliza mwaka mzima anaangalia mdomo wa mwalimu.

Baadaye mteja mmoja akanionyesha tovuti ya kuwasaidia wazazi wa watoto viziwi. Unaweka mkoa na wilaya, inakuletea shule zenye kitengo cha viziwi, zenye bweni, na mahali pa kumpima mtoto usikivu.

Miaka yote nilidhani mpaka nivuke mikoa. Kumbe shule ipo humu humu Simiyu. Nilifurahi sana, na aibu nikaona, mtu wa mtandao kuja kuambiwa na mteja.

Mwishoni kulikuwa na maswali ili wakushauri kitengo kinachomfaa mtoto. Nikajaza kwa staili ya kazini.

Nyumbani anawasiliana kwa njia gani? Hakuna.

Anaelewa maelekezo? Hapana.

Ana namna ya kutaja watu wa familia? Hakuna.

Majibu yakaja kwamba mtoto anafaa kitengo cha ulemavu wa akili. Nikaprinti karatasi. Wala sikushtuka, hapo ndipo mnilaumu.

Siku ya kwenda shuleni Minza aligoma kupanda gari bila bibi yake, kwa hiyo mama naye akaja.

Tulipokelewa na mwalimu wa elimu maalum, mama wa makamo, mpole. Akasoma karatasi, akairudia.

"Baba Minza, hii aliijaza nani?"

"Mimi mwenyewe."

"Unaishi na mtoto?"

Nikasema nafika fika.

Akaniambia shule ina vitengo vyote viwili, na bweni la viziwi limebakiwa na nafasi moja. Akifuata karatasi yangu, Minza ataingia darasa ambalo hakuna anayefundisha lugha ya alama. "Na akishaandikishwa huko, kumtoa si kazi ya leo wala kesho."

Akaniacha, akamgeukia mama yangu, akamsalimia kwa Kisukuma. "Mwangaluka mayu. Huyu mtoto mnaongeaje naye?"

"Mwangaluka. Tunaongea tu," mama akasema. "Kwani wewe ulisikia hatuongei?"

Akamgusa Minza begani, akaweka ngumi mbili kichwani kama pembe, akakunjua kiganja. Alikuwa anamuuliza habari za ng'ombe.

Minza akawataja wote kwa mikono, mmoja mmoja. Mwenye doa usoni. Mwenye pembe iliyopinda. Aliyekatika mkia. Kisha akaeleza kitu kirefu kwa vidole, mama akacheka.

"Anasema ndama hanyonyi chuchu ya nyuma. Ni kweli. Yeye ndiye aliyegundua, si mimi."

Wakahamia kwa watu. Mama mzazi wa Minza ni kovu la shavuni. Jirani ni mwendo wa kuchechemea. Mchungaji wa kanisa ni miwani. Muda wote huo yule mwalimu alikuwa anaandika tu.

Halafu akaninyooshea kalamu. "Na huyu?"

Minza akaniangalia. Akamwangalia bibi yake. Mama akainama kukaza kitenge ambacho kilikuwa kimekaza vizuri.

Sikuwa na alama. Ng'ombe aliyekatika mkia anajulikana nyumbani kwetu kuliko mimi. Iliniuma, wakuu, na hakukuwa na mtu wa kumkasirikia.

Mwalimu akakata majibu yangu yote matatu kwa mstari, akaandika ya mama. Minza akapata ile nafasi. Yuko muhula wa pili sasa.

Funzo ni hili. Hizo tovuti zinasaidia, zitumieni, msikae miaka mkidhani huduma haipo. Ila mtandao unajua shule zilipo, mtoto humjui wewe usiyekaa naye. Fika kwanza kwa anayeongea naye kila siku, muulize swali moja moja, ndipo ujaze.

Siku hizi Jumamosi nahudhuria darasa la alama la wazazi. Najua maji, chakula, kesho, na samahani.

Sasa wenye watoto viziwi naomba mnisaidie. Jina la alama, mzazi analiomba, au anasubiri mtoto ampe mwenyewe? Mimi bado nasubiri, na kila nikifika naogopa kuuliza.