Chumvi Kwenye Parachuti

Karakana yetu iko Jacobs, mtaa wa viwanda karibu na bandari, huku kusini kabisa mwa Afrika. Kuna chombo kidogo cha angani kinachorushwa, kinashuka baharini kwa parachuti, kisha kinaletwa kwetu kikinuka moto ili tukiandae kiruke tena. Mafundi wana injini yao. Mimi na mama mmoja wa Kikongo tuna parachuti: tunaiosha kwa maji matamu, tunaianika, tunashona palipochanika, tunaikunja. Chumvi ya bahari ikibaki ndani ya mikunjo, kitambaa kinaharibika, na chombo hakirudi salama.

Jioni moja mdogo wangu alinipigia kutoka Burundi. Mama yetu amefariki.

"Dada, tukungoje?"

Nikasema nitampigia kesho. Jibu nilikuwa nalo, mdomo wa kulitoa ndio sikuwa nao. Karatasi zangu ni za ukimbizi. Nikikanyaga nyumbani, huku zinafutwa, na wanangu wawili wako Point, mtaa tunaoishi, wanasoma. Kwenda ningekwenda. Tatizo ni kurudi.

Asubuhi niliingia kazini nimefura. Nilikitazama kile chuma kilichoungua, watu wazima wamevaa glavu wanakipapasa kama mtoto mgonjwa ili kiende na kurudi, nikakionea wivu. Wivu kwa chuma, jamani.

Tukaanza kukunja. Kazi hiyo inataka watu wawili, mmoja avute, mwingine alaze mkunjo. Nilimkumbuka mama yangu tukikunja naye shuka uani, yeye akivuta kwa nguvu makusudi ili niyumbe, tucheke. Machozi yakanitoka, yakadondokea kitambaa. Nikayafuta haraka kwa kiganja.

Mwenzangu akaacha kuvuta.

"Dada, iko chumvi hapo."

"Ni machozi tu."

"Eish. Na machozi ni nini?"

Hakusema kwa ukali. Habari za msiba nilikuwa nimempa kwenye taksi. Tukaikunjua yote, tukairudisha kwenye maji, tukaiosha upya. Msimamizi akaja kuuliza kulikoni.

"Haijakuwa safi, boss," akamjibu, akasimama mbele yangu nisionekane uso.

Tulipomaliza kuianika, nilitoka nje nikampigia mdogo wangu.

"Msinisubiri. Mzikeni."

"Sawa, dada. Udongo wako nitautia mimi."